Mti wa Makaburini Uani kwa Dada Skola

Mama Masatu tulimzika kwao Majita, karibu na ziwa, na matanga yalipokwisha sisi wa Mwanza tukarudi pamoja mpaka Butimba, nyumbani kwa dada yangu Skola, tule chakula cha mwisho kabla kila mtu hajashika njia yake. Marehemu alikuwa mama mkwe wa dada. Tulikuwa tumechoka, miguu imevimba kwa safari, sauti zimetukauka kwa kuimba. Basi kijana mmoja wa ukoo, aliyekuja na gari lake jipya, akatoka uani akarudi amenuna. "Jamani, nani alipanda mti huu hapa? Maua yamejaa juu ya gari. Halafu si ni ule mti wa makaburini?" Wenzake wakacheka, mmoja akamwambia ahamishe gari lake aache kelele. Mimi nilimtazama Skola, Skola akanitazama, tukainamisha vichwa kwenye sahani zetu kama wasichana walioshikwa wakinong'ona kanisani. Hakuna aliyemjibu yule kijana, na kusema kweli swali lake halikuwa la kujibiwa mtu amesimama mlangoni na funguo mkononi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani. Sasa nataka nimjibu kwa maandishi, na anisamehe, maana kusimulia kwa kifupi sikujaliwa.

Niliingia katika nyumba ile mwanzoni mwa mwaka, miaka ya tisini ikiwa katikati, nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo. Nilikuja na sanduku langu la bati la shule na godoro lililoviringishwa kwa kamba ya katani. Mwanza ya wakati ule ilikuwa inabadilika huku unaitazama. Maduka yalijaa vitu ambavyo tulizoea kuvisikia tu, mitumba imemwagwa chini Mkuyuni mpaka unakosa pa kukanyaga, na redio zinapiga muziki kutwa nzima bila kusubiri taarifa ya habari. Papo hapo watu walikuwa wanarudishwa nyumbani kutoka makazini. Shemeji yangu Masatu alikuwa mmoja wao. Kiwanda cha nguo alichokitumikia tangu ujana kilipunguza watu, naye akapata kibarua kwenye kiwanda kipya cha minofu ya samaki, akawa anarudi jioni ananuka sangara mpaka paka wa jirani wanamsindikiza mlangoni. Minofu yenyewe ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tulikula mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki, Skola akivichemsha kwa nyanya na limau mpaka mchuzi unakuwa mzito, tunafyonza hatuongei. Masatu alikuwa na mdomo wa utani. "Shemeji Anje," ananiambia, "kula taratibu, huyo samaki mwili wake uko Ujerumani, kichwa chake kimebaki kukusikiliza wewe."

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na haikuwa na dari. Kuta ziliishia usawa wa mlango, juu ni kenchi na mabati matupu, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha mbele aliambiwa pole na wa chumba cha nyuma. Chumba changu nilichangia na gunia la mkaa na baiskeli iliyokosa tairi. Sebuleni palikuwa na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo lenye kioo, na picha ya harusi ya Skola na Masatu, wote wawili wamekunja uso kana kwamba wamedhulumiwa. Ua wenyewe haukuwa na kitu. Jiwe moja kubwa, la yale mawe yetu ya Mwanza, lilikuwa limejitokeza katikati, nasi tulilitumia kuanika dagaa. Skola alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Tulipokuwa wadogo kicheko chake kilitufanya tufukuzwe mahali pengi. Lakini mwaka ule nilimkuta mkimya, anafagia mahali alipokwisha kufagia. Nilidhani ni mambo ya ndoa. Nilikuwa mjinga wa umri ule, nikifikiri kila huzuni ya mwanamke aliyeolewa imeletwa na mumewe.

Aliniambia tukiwa tunachambua mchele, ungo umelala mapajani mwake, hata hakuinua macho. Miaka miwili nyuma alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakulia. Hilo nilikuwa nimelisikia nyumbani kwa maneno ya kukatakata. Sikujua yaliyofuata. Kwa watu wa shemeji, na hata kwetu hakukuwa na tofauti kubwa, mtoto aliyezaliwa hana uhai hafanyiwi msiba. Hakuna mkeka unaotandikwa, hapewi jina, hatajwi. Akina mama wazee humchukua wakaenda kumlaza, na aliyemzaa haonyeshwi wala haambiwi ni wapi, eti asije akaweka moyo huko akafunga njia ya watoto wengine. Mama Masatu ndiye aliyeongoza wale wazee. Skola alipotoka hospitali alipokewa kwa uji na maneno ya kawaida. "Nilikuwa na maziwa yamejaa kifuani, Anje," akasema, "na watu wananiuliza habari za mvua." Kisha akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa, akaniambia jambo la pili: alikuwa mjamzito tena, mimba changa, na hajamwambia mtu isipokuwa mumewe na mimi. Nilitaka kushangilia, akaniwekea mkono mdomoni. Alikuwa anaogopa hata furaha yangu isisikike.

Wiki chache baadaye akaniomba nimsindikize misheni. Nilidhani tunaenda kusali. Badala ya kuingia kanisani tukapita nyuma, penye makaburi wanakozikwa watu wa mtaa ule, tukamkuta sista mmoja mnene mwenye buti za mvua anapogoa matawi kwa msumeno. Skola akamwamkia, akamuuliza, sauti ndogo, watoto wachanga huwa wanalazwa upande gani. Sista hakuuliza kwa nini. Alionyesha kwa kidevu pembe ya makaburi, penye mti mpana wenye matawi manene kama vidole vilivyovimba, hauna majani mengi lakini umejaa maua meupe yenye njano moyoni. Harufu yake tuliisikia tulipokuwa tumesimama. Sikujua jina la mti ule. Baadaye sana ndipo nilipoambiwa unaitwa msanapichi. Sisi tulijua ni mti wa makaburini, basi. Skola aliutazama kwa muda mrefu mpaka sista akaona haya, akaokota tawi moja kati ya aliyoyakata, linavuja utomvu mweupe, akamkabidhi. "Usiupande leo," akamwambia. "Uuache kivulini mpaka kidonda kikauke kabisa. Ukiupanda mbichi utaoza. Na maji usiupe kwa huruma, mti huu haupendi huruma." Tukarudi nyumbani na lile tawi limefungwa kwenye khanga, Skola analibeba mikononi, hakutaka nimsaidie.

Tawi likakaa juu ya kabati la vyombo. Masatu aliligusa, akanusa vidole, akauliza, "Hii ni kuni au ni dawa?" "Ni ua," mkewe akamjibu. "Ua gani halina ua?" "Subiri." Alikuwa hajamwambia sababu, na mimi alinikataza. Kidonda kilipokuwa kigumu kama ukoko wa ugali, tukachimba shimo kando ya lile jiwe la dagaa, pale jua linapopiga kuanzia asubuhi. Tulichanganya udongo na changarawe na mchanga wa ziwani, ili maji yapite yasisimame, tukalisimamisha tawi, tukalifunga kwenye mti wa fagio lisiyumbe. Tulilimwagia maji kikombe kimoja. Skola akafuta mikono kwenye kitenge, akasema bila kunitazama, "Hili likishika, na mimi nitajifungua salama." Nilishtuka. Nikamwambia, dada, huo ni mti tu, usiufunge na mwanao. Akanijibu, "Nimeshaufunga." Kuanzia hapo sikulala vizuri kwa ajili ya kipande cha mti. Nikiamka, kabla ya kupiga mswaki, nakwenda kukichungulia. Hivi leo nikiona wasichana wa umri ule wanahangaika na simu zao, najiuliza wao wanachungulia nini, maana mimi nilichungulia kijiti mpaka kikanijua.

Kikashika. Nchani palitokea kitu cha kijani kimejikunja, kikafunguka, likawa jani refu linalong'aa, halafu jingine. Skola alicheka siku hiyo, kile kicheko chake cha zamani, mpaka jirani akachungulia juu ya uzio. "We Mama, unacheka na nini? Loo! Yaani umepanda kaburi mlangoni pako?" Skola akamwambia limependeza. Yule mama akafanya ishara ya msalaba akaingia ndani. Tukaendelea na maisha. Tumbo likaanza kuonekana, kliniki ikaanza, na kule kliniki maneno yalikuwa yale yale ya wakati ule, kwamba siku hizi kila kitu unakwenda nacho mwenyewe, glavu zako, wembe wako, pamba yako, mpaka uzi wa kufungia kitovu. Skola aliweka vitu hivyo kimoja kimoja kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko akautundika ukutani juu ya kitanda changu. Sikupenda kulala chini yake lakini sikusema.

Kiangazi kikaingia. Upepo wa ziwa ulikausha kila kitu, vumbi likatanda mpaka juu ya uji, na majani ya ule mti yakaanza kugeuka njano. Yakaanguka. Yote. Tukabaki na kijiti cha kijivu kilichofungwa kwenye mti wa fagio, huwezi kujua kipi ni kipi. Leo najua ndiyo tabia yake: kiangazi unapumzika, unavua majani, ukiachwa bila maji wala haudhuriki. Wakati ule hatukujua. Skola aliacha kula. Anakaa mlangoni, mkono tumboni, anaangalia kile kijiti, na nikimwita anaitika baada ya muda. Masatu, ambaye alimpenda mkewe kuliko alivyojua kusema, akaona hapa lazima afanye kitu. Kwa watu wa kwetu, ukiona kitu chenye mizizi kinadhoofika, jibu ni samadi. Mahindi, samadi, ndizi, samadi, hata mtu angeota mizizi angewekewa. Akaenda kwa ndugu zake wenye ng'ombe kule Igoma, akarudi na gunia zima, akalimwaga lote kwenye shina. Kisha maji. Kila alipotoka kazini alichota ndoo akaimwaga, akachota nyingine, anauimbia ule mti, "Kunywa mzee, kunywa, usituaibishe." Nikamkumbusha maneno ya sista kuhusu maji. Akanicheka. "Shemeji, umewahi kuona kiumbe kilichokufa kwa kushiba?" Mimi ni nani nibishane na baba mwenye nyumba? Na zaidi ya hapo, Skola alikuwa amerudi kula, kwa kuona tu mumewe anahangaika. Nikanyamaza, na hata leo sijioni mkosaji.

Katikati ya mambo hayo ndipo alipoingia Mama Masatu. Alikuja kumngojea mjukuu, kama ilivyo desturi, na kapu la samaki wakavu, unga wa muhogo, na kigoda chake mwenyewe kwa sababu vya mjini alisema ni vya watu wasio na makalio. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye macho yasiyopepesa. Nilimpigia magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mdogo wake Skora? Hujambo? Mbona umekonda, hapa hamli?" Jina la dada alilitamka kwa r, kama watu wa kwao, na akaniondolea woga, lakini si kwa muda mrefu. Alipozunguka uani kunawa miguu alisimama ghafla. Akaukaribia ule mti, akakwaruza gamba kwa ukucha, utomvu ukatoka kidogo, akaunusa. Sura yake ilibadilika. "Nani ameleta makaburi hapa nyumbani?" Skola akasema ni yeye. "Na tumbo hilo?" "Na tumbo hili, mama." Jioni tulikula ugali na wale samaki wakavu, watamu haswa, na kila mtu alisifia chakula mara nyingi kupita kiasi.

Asubuhi yake, kabla Masatu hajaenda kazini, nilimsikia mama yake sebuleni. Nimesema nyumba haikuwa na dari. "Masatu, mwanangu, mimi nilikwisha kubeba mmoja mikononi. Sitabeba wa pili. Ule mti utoke." Masatu akasema, "Mama, ni ua tu la mke wangu, anapenda maua." "Maua yako mengi. Kwa nini apende hilo?" Hilo hata Masatu hakulijua. Chumba cha pili, Skola alikuwa macho, nilisikia kitanda kikilia alipogeuka. Angeweza kutoka akasema. Hakutoka. Angesema nini? Angemwambia mama mkwe wake kwamba amekwenda kutafuta kile alichokatazwa kukitafuta? Mimi nilitamani niseme kwa niaba yake, maneno yalinijaa mdomoni kama uji wa moto. Nikavuta shuka nikajifunika.

Mti ulijimaliza wenyewe. Kwa samadi ile na maji yale, shina lilianza kulainika chini, ukiligusa linabonyea, na siku moja likainama upande. Skola alikuwa amekwenda kliniki, mimi nafua. Mama Masatu akauona umelala. Hakuwa na ubaya moyoni, nataka hilo lieleweke. Alifanya anachofanya mtu yeyote akiona kitu kilichooza. Aliung'oa kwa mkono mmoja, akautupa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, akanawa. "Umeondoka wenyewe," akaniambia, na sauti yake ilikuwa na nafuu. "Mungu ni mwema." Mimi niliendelea kusugua nguo ile ile.

Skola aliporudi alitazama kando ya jiwe. Hakuuliza. Alizunguka nyuma ya jiko, na kabla sijatupa nguo chini alikuwa ameshakaa ukingoni mwa shimo, tumbo la miezi minane, anateremsha miguu kwenye maganda na majivu. Mama Masatu akapiga yowe. "Yesu na Maria! Skora! Unataka kuniulia mjukuu?" Nilimkamata Skola kwapani, nikamvuta, akanisukuma kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Tayari alikuwa amelishika lile tawi, limejaa majivu, limeoza chini. Akakaa pale pale ukingoni, akalikumbatia. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha: "Mama, mti huu nimeutoa pale ulipomlaza mwanangu. Mlinificha. Sikumwona uso. Sikujua ni wa kike au wa kiume. Hiki ndicho kitu pekee nilichopata kutoka kwake, na wewe umekitupa shimoni."

Kuku waliendelea kuparura. Mama Masatu aliangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kigoda chake, asikione, akakaa chini kwenye vumbi na khanga yake safi. Nilitegemea agombe. Nilitegemea aseme mila ni mila, wewe mtoto wa nani kuuliza. Akasema, "Alikuwa wa kiume." Akameza mate. "Alikuwa na nywele nyingi, Skora. Nyingi mpaka shingoni. Pua ya Masatu. Nilimvika khanga yangu, ile ya zambarau niliyopewa siku ya harusi yenu, kwa sababu hawa wenzangu walikuja na gazeti. Nikakataa. Nikasema huyu hafungwi kwenye gazeti." Skola akazidi kulikumbatia lile tawi. "Na si chini ya mti," akaendelea yule mama. "Pale mizizi ilikuwa mingi, jembe halikupita." Akalainisha vumbi mbele yake kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole. "Huu ukuta. Hapa ndipo unapoingilia. Mti uko hapa. Mimi nilimlaza hapa, karibu na ukuta, panapopata kivuli mchana." Akabonyeza kidole pale, akakiacha. "Sasa huwezi kwenda, mjamzito haendi makaburini, hilo sikubali hata unililie. Ukishajifungua nitakupeleka mwenyewe. Miaka yote hii nilijua nakwenda peke yangu." Skola akauliza, "Ulikuwa unakwenda?" "Nikija Mwanza, ndiyo. Ulidhani nakuja kununua sabuni?"

Hapo ndipo waliponiacha. Nasema waliniacha kwa sababu walilia wote wawili, wameshikana kwenye vumbi lile, na mimi nilibaki nimesimama na povu la sabuni mikononi, naona haya kutazama na naona haya kuondoka. Mzigo mkubwa ulinitoka kifuani. Nilikuwa nimetunza siri ya watu wazima miezi mingi, na siri hiyo ilinikaa vibaya kama kiatu cha mtu mwingine. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimezika watu wangu, nimeona desturi nyingi zikiachwa, nyingine kwa haki na nyingine kwa uvivu tu. Siwezi kuwalaumu wale wazee. Walidhani wanamwondolea mzazi uchungu kwa kuuficha, na mmoja wao alikuwa anaubeba uchungu huo kwenye basi kutoka Majita, hana wa kumwambia. Yeye na Skola walikuwa wanamlilia mtoto mmoja chini ya paa moja, kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Walipomaliza, Mama Masatu akapenga kamasi, akasema, "Haya, lete kisu." Nikaleta cha jikoni. Akalilaza lile tawi juu ya jiwe, akaanza kukata kutoka chini, kipande kwa kipande. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia, panabonyea. Akakata tena, bado. Skola alikuwa amejishika mdomo. Tawi lilizidi kuwa fupi mpaka nikadhani tutabaki na ncha tu, halafu kisu kikapita kwenye kitu kigumu, na utomvu ukachuruzika mweupe, safi. "Huyu hapa," akasema Mama Masatu. "Mzima." Akalining'iniza chini ya upenu kwa uzi. Masatu aliporudi alikuta samadi yake yote imezolewa imetupwa nje ya uzio. Akasimama anaitazama. "Kumbe kiumbe kinaweza kufa kwa kushiba," akasema mwenyewe, tukacheka mpaka Skola akashika ubavu, nasi tukanyamaza kwa hofu, kumbe kilikuwa kicheko tu. Usiku huo huo mkewe alimweleza kila kitu. Niliwasikia wakinong'ona, nikaziba masikio kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kidonda kilipokauka, mama mkwe na mkwewe wakalipanda tena kwa mikono yao, kwenye changarawe tupu, mahali palipoinuka. Maji walilinyima.

Sikupata muda wa kuchungulia kama limeshika. Uchungu ulimwanza Skola asubuhi, kabla ya siku zake, tukiwa tunatwanga karanga. Masatu alikuwa kiwandani. Tulitoka na ule mfuko wa plastiki, Mama Masatu mbele, Skola katikati anasimama kila mara kushika ukuta wa mtu, mimi nyuma na beseni. Hospitali walimwingiza, wakachukua mfuko, wakafunga mlango. Mama Masatu aliruhusiwa kukaa kwenye benchi la ndani; mimi nikaambiwa wasichana wangoje nje. Wanawake wengine walikuwa wamekaa kwenye nyasi na chupa za chai, wanazungumza habari za magugu yaliyoziba ziwa, na bei, na mapadri. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Jua likapanda, likaanza kuegemea upande wa pili. Nilisali nikachanganya maneno, nikaanza upya, nikachanganya tena. Nilijisemea kwamba hawa watu wawili wamekwisha kulipata lao, wamepatana, labda Mungu ataona hiyo inatosha, asiwape na mtoto. Wazo hilo lilinitia hofu kuliko lolote.

Mlango ukafunguka, akatoka Mama Masatu. Alikuwa bila khanga ya kichwani, nywele zake nyeupe ziko wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akanitafuta kwa macho, akanipata, na kabla hajasema kitu nikasikia nyuma yake, kutoka ndani, sauti kali, ya hasira, haikomi. "Unasikia?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Wa kike. Anagomba huyo! Mama yake mzima, anaomba uji. Kimbia kiwandani ukamwambie Masatu, mimi narudi ndani." Akarudi, karibu agonge mlango kwa bega.

Nilikimbia, nikaishia getini. Nikakaa chini kwenye mchanga, pembeni ya wauza machungwa, nikalia kwa sauti, kilio cha kuvuta pumzi, siwezi kukizuia. Wanawake wakaacha biashara zao wakanizunguka. Mmoja akavua khanga yake akanifunika mabega, mwingine akaanza kunipepea. "Pole mwanangu. Pole sana. Jikaze. Ni nani aliyefariki?" Nikatikisa kichwa. "Mama? Ni mama yako?" Wengine walikuwa wameshaanza kusikitika kwa sauti, na mzee mmoja akavua kofia.

"Hakuna," nikasema nilipoweza. "Hakuna aliyefariki. Dada yangu amejifungua. Mtoto analia, mama ni mzima."

Yule aliyenifunika alinitazama, akawatazama wenzake. "Sasa wewe unalilia nini?"

"Sijui, mama."

Akakaa chini kando yangu, pale pale mchangani, akaniwekea chungwa lililomenywa mkononi. "Basi lia," akasema. "Lia umalize, halafu ukamwambie baba yake vizuri, asije akakuelewa vibaya."